Siku Niliyompika Mumi wa Yai

Aibu hii afadhali niiseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Okoth, maana huyu mtoto wangu akiisimulia anaitia chumvi mpaka mtu anafikiri niliingia kanisani mwa watu nikachinja mbuzi madhabahuni. Hakuwa mbuzi. Alikuwa samaki mmoja tu, na sikumchinjia kanisani, nilimchinjia jikoni, mlango wazi, huku nikiimba pambio. Nyinyi mnaoniita Mama Mumi hapo sokoni Migori mnadhani ni kwa sababu nauza mumi, huyo ambaye kwa Kiswahili ni kambare. Jina hilo lilitoka mbali, jamani, lilikuja na ndege.

Ilikuwa miaka ile ya tisini. Baba Okoth alikuwa amefariki, tumemzika Rangwe mvua ikinyesha, na kifungua mimba wake, huyu Okoth, yuko Thailand anasomea ufugaji wa samaki. Telegramu ilimfikia wakati kaburi limeshafunikwa. Baada ya hapo barua zake zikawa za hali ya hewa, ati huku kuna joto, ati huku mvua ni kama ya Homa Bay tu, baba yake hamtaji hata kwa bahati mbaya, halafu ile ya mwisho ikasema amepata kazi kwenye mabwawa ya tajiri fulani na hatarudi tena nyumbani. Hilo neno "tena" lilinikalisha chini. Nimemzika mume, sasa nimzike na mtoto aliye hai? Nikasema hapana. Mashemeji wakachanga, akina mama wa kanisa wakachanga, nami nikapanda ndege, mimi ambaye safari yangu ndefu ilikuwa kupeleka samaki wa kukaanga kwa wachimba dhahabu wa Osiri.

Nilienda na jambo moja, kumrudisha, na yeye alinipokea na jambo moja, nisimtaje baba yake. Alinikumbatia, akanibebea sanduku (lililokuwa zito kwa sababu nilibeba unga wa mahindi, mniambie ningekula nini), akanipikia chai. Lakini nikianza tu, "Okoth, kuhusu baba yako," anainuka na kusema, "Mama, kuna mji mzuri sana sijakuonyesha," na kesho yake tuko safarini. Tulipanda treni kuelekea kaskazini. Tulipanda mabasi. Tulipanda vipikapu vyenye mabenchi huko nyuma, mimi nimeshikilia kitambaa cha kichwa kwa mkono mmoja na Mungu kwa mwingine. Nikimtaja marehemu jioni, asubuhi tunaamkia njiani. Watu hulipa pesa kuzunguka nchi ya watu namna hiyo, mimi nimeiona Thailand karibu yote kwa kutaja jina la mume wangu.

Siku zangu za kurudi zikakaribia na sijapata hata neno moja kutoka kwake. Tukafika mji mdogo kando ya mto, tukashukia gesti ya mama mzee ambaye Okoth alimjua kutokana na masomo yake, alikuwa akipanga kwake likizo. Wote walimwita Yai, na huko Yai ni kama sisi kusema nyanya, yaani bibi. Mimi na Yai hatukuwa na lugha hata moja kati yetu, lakini tulipendana papo hapo, anichekee, nimchekee, anishike nywele, nimshike mkono. Nilikuwa nimechoka, na usiku ule sikumtaja marehemu.

Labda kunyamaza kwangu ndiko kulimsumbua, sijui. Asubuhi Okoth akaja mlangoni amevaa shati jeupe, macho kwenye viatu vyake. Akasema, "Mama, mimi natangulia mtoni. Yai atakupa kitu. Uje nacho." Nikamuuliza kitu gani, yeye huyo ameshaondoka. Nikasema basi, leo tunakula kando ya mto, angalau mtoto amechangamka.

Kidogo Yai akaja na ndoo. Amevaa nguo nyeupe, nadhifu, na kwenye mpini wa ndoo amefunga shada la maua madogo yanayonukia vizuri. Akanikabidhi kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa, na nilipomwangalia usoni nikaona analia. Nikachungulia ndani ya ndoo. Yawa, mumi! Mumi mwenyewe, mweusi, mnene, ndevu zake zote, anageuka polepole kwenye maji kana kwamba ametolewa Homa Bay asubuhi hiyo. Mimi nikaanza kulia pia.

Sasa ninyi mnijie na ukweli. Kwetu ukimtembelea mtu akakupenda, anakufanyia nini? Anakukamatia kuku, anamfunga miguu, anakupa akiwa hai. Unaweza kumwambia mtu huyo hapana? Unaweza kumwachia kuku wake uani? Ni matusi. Nikaona huyu mama ni mjane kama mimi, pengine huyu samaki ndiye kitu kikubwa alichonacho, ndiyo maana analia, na bado ananipa. Nikamshukuru kwa Kiluo, nikamshukuru kwa Kiswahili, nikapiga magoti kabisa. Akapangusa machozi, akanionyesha njia ya mtoni kwa kidole, akatangulia.

Nami nikageukia jikoni kwake.

Pale palikuwa na kinu na mchi wa mti, mzuri, mzito. Mumi mnamjua, hafi ovyo, lakini na mimi mnanijua. Nikamgonga kichwani, nikampasua, nikamtoa matumbo, nikamkwaruza ule utelezi kwa majivu, nikamkata vipande vya heshima. Nyanya zilikuwepo, vitunguu vilikuwepo, pilipili nikaziweka mbali kwa maana pilipili za huko zina hasira. Nikasonga ugali kwa unga wangu. Yale maua nikaona yasipotee bure, Yai asije akadhani sikuyathamini, nikayavaa shingoni. Nikafunika sufuria, ugali nikaufunga kwa kitambaa, nikajitwika, nikashuka mtoni nikitembea kama bibi harusi.

Nilianza kuingiwa na wasiwasi nilipowaona watu. Nilitegemea Okoth na Yai na mkeka. Kumbe wamekaa majirani, wazee kwa akina mama, wote wamevaa nyeupe pe, kimya, kila mtu na kijiti cha ubani kinachofuka moshi mkononi. Mbele yao kwenye jukwaa la mbao ameketi mtawa wao, kichwa amenyoa, shuka la rangi ya machungwa. Na mbele ya mtawa kuna picha. Hata kwa mbali niliijua picha ile. Ni Baba Okoth na koti lake la Jumapili, ile tuliyompiga Homa Bay kabla mtoto hajasafiri.

Miguu ilitaka kurudi ila watu walikuwa wameshaniona. Wakanipisha njia. Nikashusha mzigo mbele ya Yai, sijui la kufanya na mikono yangu. Yai akatafuta ndoo kwa macho, nyuma yangu, kushoto kwangu, kulia. Akayaona maua shingoni. Halafu akanusa. Nafikiri alijua wakati huo, lakini akainua kifuniko hata hivyo, na kichwa cha mumi kikamtazama kutoka kwenye mchuzi. Mama mmoja huko nyuma akaziba mdomo. Mtawa akaangalia mto. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani na sufuria yangu.

Okoth alikuwa amepiga magoti karibu na maji, kwenye ngazi ya mwisho. Akaja. Akaangalia sufuria, akaniambia kwa Kiluo, kwa sauti ya chini sana, na hapa ndipo nilipotaka kufa, akasema, "Mama, huyu alikuwa wa kuachiliwa. Wanaachilia kiumbe hai kwa jina la mtu aliyekufa. Ni mimi nilimwomba Yai. Alikuwa wa Baba."

Mimi niliyesafiri mbinguni na ardhini nikidhani mtoto wangu hana uchungu. Kumbe uchungu ameupeleka kwa bibi wa watu, kwa lugha ya watu, amepanga kila kitu, ameshindwa kitu kimoja tu, kuniambia. Na mimi nimeupiga huo uchungu wake kwa mchi na kuutilia nyanya. Nikavua yale maua. Nikasema, "Nyathina, mwanangu, nisamehe. Mimi nilipewa samaki. Mimi nikipewa samaki najua kitu kimoja."

Akaanza kutikisika mabega. Nikadhani ni hasira. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaketi chini kwenye mbao, watu wanamtazama, akamtafsiria Yai nilichosema, na Yai akaniangalia, akaangalia sufuria, naye akashikwa na kicheko, akanipiga kofi la mgongo. Halafu sijui ni saa ngapi kicheko cha Okoth kiligeuka, maana nilipomwangalia tena alikuwa analia kwa sauti, kile kilio cha kwetu, cha mtu anayekimbilia boma la msiba. Mtoto wa kiume, ndevu zimeota, analia mbele ya watu hivyo. Nikamshika. Watu wale wakazima vijiti vyao, wakatungoja, hakuna aliyeinuka. Mungu awabariki popote walipo.

Yai akatuma jirani akaletwa mumi mwingine, mdogo (safari hii ndoo hawakunipa mimi, walimpa Okoth, na mama mmoja akasimama katikati yetu). Okoth akamwachilia, akataja jina la baba yake lote, na la babu yake. Yule samaki akazama, akaenda. Mimi kusema kweli moyo uliniuma kidogo kumwona akienda, lakini nilifunga mdomo.

Watu walipotawanyika tulibaki wawili ngazini na sufuria yetu. Okoth akamega ugali. Akasema baba yake angedai kichwa. Nikamwambia basi wewe ndiye wa kukila sasa, akakichukua, akakifyonza mfupa kwa mfupa, bado pua inatiririka. Nilingoja ainuke aseme kuna mji mzuri sana hajanionyesha. Hakuinuka. Akauliza bila kuniangalia, "Mama, nani alitupa udongo wangu kaburini?"

Nikamwambia, "Ni mimi. Nilitupa wangu, nikasimama, wakanivuta niondoke, nikakataa, nikatupa na wako. Lakini wako niliutupa kidogo tu. Mwingi uko pale, unakungoja."

Akamaliza kichwa. Akanawa mikono mtoni. Krismasi ile alikuja Rangwe.

Kisu sijaacha na sitaacha, ndicho kilichowasomesha wanangu. Lakini mtu akinipa kitu huku analia, nimeapa mbele ya Mungu sitakimbilia jikoni. Nitakaa chini kwanza, nimuulize analilia nani.