Kura Kumi na Mbili za Kuchekesha

Kumi na tisa, kumi na saba, kumi na mbili. Ile kumi na mbili ni yangu, na mpaka leo inanichoma.

Tulikuwa tunachagua shefu wa klasi, yaani kiongozi wa darasa. Kwetu shefu ndiye anayesimama mlangoni asubuhi. Ukichelewa anakuacha nje, ukae juu ya mawe ya volkano mpaka rekreasyo, mapumziko ya katikati ya asubuhi. Shefu wa zamani aliipenda kazi hiyo kama askari wa mpakani, na alitaka kuendelea. Aliyempinga ni msichana ninayekaa naye benchi moja. Anatoka mbali, Mugunga, kwa miguu; kila siku anakosa masomo ya asubuhi, hesabu ikiwemo, na mtihani wa Serikali umekaribia. Aliahidi jambo moja tu: mlango hautafungwa.

Nami nikainua mkono kugombea. Kuchekesha tu! Niliahidi mandazi kwa kila anayesinzia darasani. Wachelewaji wenzangu wa nyuma wakapiga meza: "Tunamupigia huyu mujinga!"

Mwalimu akachora vijiti ubaoni. Sikatai, njia ile ni nyepesi: karatasi moja, jina moja, tunahesabu wote tukiona, na kabla ya kengele mshindi amepatikana. Shefu wa zamani akapita na kumi na tisa. Ishirini na tisa hatukumtaka, lakini nani alituuliza mara ya pili?

"Metre, turudilie kura!" nikamwomba mwalimu. "Wale wawili wenye nyingi tu. Mimi natoka."

"Sasa ndiyo unatoka? Mwenye nyingi amepita."

"Lakini wengi wamemukataa!"

"Wamemukataa kwa kukuchagua weye? Ikaa chini, Papa Mandazi."

Klasi nzima ikaangua kicheko. Nilitaka kuwapiga wote.

"Ilikuwa muchezo," nikamwambia jirani yangu wa benchi.

"Kwako," akajibu.

Kesho yake niliwahi kuingia. Saa ya hesabu nilimwona nje kwa dirisha, daftari magotini, akijaribu kunakili kwa kusikiliza. Nikatoka kwa hasira, nikaketi juu ya jiwe la pili, kando yake.

"Unafanya nini huku?" akafoka. "Nani sasa ataninakilia? Rudia ndani!"

Nikakimbia. Shefu alikuwa mlangoni.

"Umechelewa," akasema, akafunga.