Chura Niliyekataa Kumvunja

Nyinyi wajukuu, na vijana wengine mtakaosoma haya kwenye simu zenu mkiwa mmelala kifudifudi, kaeni vizuri kwanza. Mimi niliishia darasa la nne. Ninaandika kama ninavyosema. Mjukuu wangu wa kike amepanga nukta na herufi kubwa, nikamkataza kugusa kingine chochote. Nataka mjue kwa nini chura wa udongo, mkubwa kama kuku wa mayai, amekaa dirishani kwangu akitazama barabara. Mengi yamesemwa. Haya ndiyo yenyewe.

Mjukuu huyo ninaishi naye huku Isansa, tunalima kahawa na mahindi. Baba yake ni mwanangu, yuko Tunduma, anahangaika na malori ya mpakani. Likizo moja binti alikwenda kwa shangazi yake Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akarudi na mchezo. Mmoja anasimulia safari, wengine kila mmoja anakuwa mtu: mpiga mishale, tabibu, mwizi. Wakifika penye hatari wanarusha dadu. Dadu moja ina pande ishirini, sijui nani alipata nafasi ya kuichonga hivyo. Kila Jumamosi, kahawa ikishaanikwa, wenzake watatu walikuja wakakaa sebuleni kwangu na mlango umefungwa, maana upepo ulikuwa unachukua karatasi zao.

Siku moja akanifuata jikoni.

"Bibi, tunataka dude la kutisha. Liishi majini na nchi kavu."

"Mamba?"

"Aa, bibi! Mamba kila mtu anaye."

Nikamwambia habari za chura dume wa bondeni. Kiangazi chote amejifukia, mvua ya kwanza ikipiga anatoka, mpana kama sahani ya wali. Ng'ombe akija, hapishi njia. Anajijaza upepo na kufungua mdomo. Nikiwa mtoto nilimwona akiling'ata jembe la mama yangu, na mama ndiye aliyerudi nyuma.

Binti alipiga kelele kwa furaha. Akaandika kwenye daftari kwamba chura huyo ni mkubwa kuliko lori la Fuso, ngozi yake inaunguza, ulimi wake unafika kutoka hapa hadi kanisani, na mtu akinaswa na ulimi anamezwa mzimamzima. Anabaki hai tumboni mpaka dadu imtoe au wenzake wampasue chura.

Basi akataka kumfinyanga. Wa kwanza alipasuka motoni kwa kishindo, kuku wakakimbilia kwenye mibuni.

"Umemjaza kama tofali," nikamwambia. "Kitu kisicho na nafasi ndani hakivumilii moto. Mwachie tumbo tupu."

Ufinyanzi nilifundishwa na mama yangu, na mikono haijasahau. Nikamwonyesha kutwanga vigae na kuvichanganya na udongo, kulaza ukuta wa tumbo uwe mwembamba sawasawa, na kuchoma taratibu kwa majani makavu na mavi ya ng'ombe. Chura akatoka mwekundu, mdomo wazi, mzima. Kwa kuwa tumbo sasa lilikuwepo, vijana wakafinyanga na watu wadogo wa kumezwa, urefu wa kidole. Waliwapa miguu minene ili wasimame bila kuanguka. Kumbukeni hiyo miguu.

Ijumaa moja jirani yangu alikuja kurudisha ungo. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikigeuza kahawa. Akaingia, akamwona chura mezani, akachungulia mdomoni. Mle ndani wamelala watu watatu. Na mumewe, jamani, miguu ilikuwa imemvimba wiki ya tatu, amekaa tu kwenye kiti hawezi kuvaa hata kandambili. Nilisikia mtu anakimbia. Nilipofika mlangoni nikaona mgongo wake, na ungo wangu bado uko mkononi mwake.

Jumapili, benchi langu kanisani nilikaa peke yangu. Jumatatu asubuhi mwanangu akaja na bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mama, vunja. Ni udongo tu, maneno yaishe."

"Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Lakini unajua siku hizi vikongwe wanafanywa nini."

Najua. Nina macho mekundu ya moshi wa jikoni, mume wangu alishatangulia, nywele zimekuwa nyeupe. Kwa mwanamke wa namna hiyo kisingizio kidogo tu kinatosha, watu waje na mapanga. Mwanangu aliongea kwa kunihofia, sikumlaumu. Ila nilimwambia hivi: nikimvunja chura nimekiri. Leo nitavunja huyu, kesho wataniuliza wengine nimewaficha wapi.

Mchana mwenyekiti wa kitongoji akatuita kwake. Chura nilimtia kwenye kapu nikambeba kichwani, sikumfunika. Mwanangu alinyoosha mkono na kanga amfunike. Nikaupiga ule mkono.

Uwanja ulikuwa umejaa. Jirani alisimama kabla sijakaa.

"Mume wangu yumo humo! Mwenyekiti, tazama miguu!"

Nikamgeuza chura juu ya meza. Watu watatu wakadondoka. Nikawasimamisha mmoja mmoja.

"Huyu mwenye miguu minene ni mume wako?"

"Ndiye!"

"Haya. Na huyu? Miguu yake ikoje? Na huyu? Kijiji kizima kimevimba?"

Mtu akacheka kule nyuma, akanyamazishwa.

"Huyu mwenye kilemba na jembe ni mimi," nikasema. "Vijana walinichezesha nikamezwa, Jumamosi kabla huyu hajaja kuchungulia. Nilirusha dadu nikapata mbili."

Mwenyekiti akamshika yule wa udongo mwenye kilemba, akanitazama, akamtazama tena. "Sasa bibi, mtu akishamezwa anatokaje?"

Mjukuu wangu akajibu: "Anatupa kumi na tano au zaidi, Mwenyekiti. Shikamoo."

"Marahaba. Lete hiyo dadu."

Akarusha. Nne.

"Mwenyekiti kamezwa!" kijana mmoja wa bodaboda akapiga kelele. "Uchaguzi umekaribia!"

Hapo wengi walicheka, na mimi nikadhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Mzee mmoja wa makamo, tunayesali naye, akasimama na kofia mkononi. Akasema mchezo ameuelewa, lakini dude livunjwe vilevile, mioyo ya watu itulie. Vichwa vikaanza kukubali. Mwenyekiti naye akalegea.

"Bibi, kwa amani tu. Livunje."

"Sivunji."

"Mama," mwanangu akanong'ona.

"Sivunji, nimesema!" Nikamgeukia mwenye kofia. " Moyo wako wewe ukitulizwa kwa kuvunja chungu changu, mwezi ujao utatulizwa kwa kuvunja nini? Rungu la Mwenyekiti lile pale ukutani. Anayetaka avunje kwa mkono wake. Ila kwanza aseme jina lake na la baba yake, halafu aseme mimi ni mchawi, aseme hapa, mchana huu. Wewe mtoto, fungua daftari uandike."

Binti akafungua daftari lile lile la mchezo, akashika kalamu. Niliwatazama mmoja mmoja, na wengi wao niliwapokea walipozaliwa. Mwenye kofia akaivaa, akakaa. Rungu halikuguswa.

Nikamgeukia jirani. "Mumeo mpeleke hospitali Vwawa. Miguu hiyo ni ya daktari, si ya chura."

Alimpeleka siku mbili baadaye. Mzee sasa anameza vidonge kila siku na anatembea mpaka kisimani, na akipita kwangu ananisalimia. Mkewe hanisalimii. Ungo wangu hajaurudisha. Wapo pia wanaovuka barabara wakiniona, na mara moja bati langu lilipigwa jiwe. Sikuandika haya ili niseme watu wamekuwa wema.

Jumamosi baada ya kikao kile wale vijana watatu walikuja, nikawapongeza kimoyomoyo kwa kuja. Lakini waliingia kama wezi, wakafunga mlango taratibu, wakaanza kucheza kwa kunong'ona. Mjukuu wangu alikuwa amemwekea chura kitambaa. Mwanangu, aliyekuwa bado hajarudi Tunduma, akaniambia hivyo ni vizuri, wacheze ndani, kimya, mpaka watu wasahau.

Nikaondoa kitambaa nikakitia mfukoni. Nikafungua mlango mpaka ukagonga ukuta.

"Toeni hiyo meza," nikawaambia, na mwanangu nikamwonyesha upande wake wa kushika. "Iwekeni mbele kabisa, anapopita kila mtu. Karatasi zikandamizeni kwa mawe. Chura akae katikati, jioni arudi dirishani, na asifunikwe tena katika nyumba hii. Na mtu akimezwa, apige kelele wamsikie mpaka barabarani."