Nyota ya Profesa na Vioo vya Mjomba

Mjomba wangu aliosha vioo vya darubini kwa miaka kumi na tisa. Vioo mia mbili na ushee, kila kimoja na upana wa meza ya chai, vimefungwa kwenye chuma kirefu kuliko nyumba. Kazi yake darubini ile ni kunasa mimweko ya buluu: miale ya gama, isiyoonekana kwa macho, kutoka nyota za mbali huko ikigonga hewa ya juu, hewa inameta, kufumba na kufumbua imekwisha. Kioo chenye vumbi kinanasa kidogo. Mjomba alilijua hilo kwa kitambaa chake. Profesa, mkuu wa kituo, alilijua kwenye karatasi tu.

Profesa huyo aliwahi kukataza vioo visioshwe miezi minane, eti maji yanachubua rangi. Halafu wageni wakubwa wakatangaza kuja, na ghafla maji hayachubui tena. Jumanne Mjomba akaviosha vyote vipendeze kwenye picha, akaandika tarehe katika daftari lake. Hakuna msomi aliyeiandika.

Wiki iliyofuata Profesa aliingia chumba chetu cha wachambuzi, karatasi mkononi, kifua mbele. Nyota yake anayoichunguza imelipuka! Tangu Jumatano mwanga umezidi kwa theluthi moja! Mjomba alikuwa dirishani na ndoo.

"Samahani, Profesa. Jumanne niliosha vioo."

"Mzee, hii ni fizikia."

"Sawa. Ila zile nyota nyingine mmeziangalia? Isije ikawa mbingu nzima imejipaka mafuta siku moja."

Tulicheka. Profesa hakucheka. Debe tupu halipendi kugongwa mbele za watu.

Mchana huo nilifungua data za nyota nyingine tatu. Zote zilikuwa zimeng'aa Jumatano, theluthi moja, kama zilizoambizana. Nikampelekea Profesa. Akazitazama, akafunga mlango.

"Mkataba wako unaisha lini?"

"Mwezi ujao."

"Basi kaa nao vizuri."

Ijumaa Mjomba akapewa barua ya kuachishwa kazi: ameingilia shughuli za wataalamu. Alikuja mezani kwangu nayo, hajaikunja. Neno langu moja lingeirudisha barua ile ilikotoka, na yeye alijua.

"Mwanangu, zile nyingine uliziangalia?"

"Sikupata nafasi, Mjomba."

Akanitazama kidogo, akasema kazi ni nyingi siku hizi, akaenda kurudisha funguo za stoo.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwahi kufanya kazi kituoni kwetu. Makala ya Profesa kuhusu mlipuko ilichapishwa. Vumbi lilirudi, nyota ikafifia polepole, na Profesa, bila haya hata chembe, akaandika makala ya pili kuhusu kufifia huko. Nchi tatu zimemwalika aieleze. Makala zote mbili zina majina sita ya waandishi. Langu ni la pili.