Injini Iliyokunywa Chai ya Maziwa

Juzi bwawani niliona fundi akifungua injini ya boti, mafuta yakatoka meupe, nikashindwa kukaa pale; nilimkumbuka Baba.

Nilipokuwa mtoto, Baba alikuwa ameajiriwa kutunza boti ya kutembeza wageni. Sevisi ya kabla ya mvua aliiahirisha mpaka tumalize kuvuna njahi, yale maharagwe meusi ya shambani kwetu, na mvua ikamwahi. Alipofungua injini, harufu ya petroli ilijaa, mafuta yakamwagika kama chai ya maziwa. Nikapiga makofi. Kwetu tulikunywa strungi, chai isiyo na maziwa.

"Baba, injini inakunywa vizuri kutushinda!"

"Wanja, nyamaza."

Alizunguka boti mara tatu, akisikiliza kama kuna gari linalokuja barabarani.

Shule sikumaliza, lakini leo nina boti mbili, na najua ni maji yaliyoingia kwenye mafuta na kuharibu injini. Siku hiyo sikujua. Gari la mwenye boti liliposimama, Baba alimkabidhi ufunguo wa boti, na kazi yake pamoja nao, kabla hajaulizwa neno.