Mwenye Kinu Aliyemfukuza Madamu Wetu

Mwezi uliopita jirani yetu wa zamani wa Rumonge alikuja hadi kwangu Bujumbura akiwa na kidumu cha mawese, na nilipomwona dirishani nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Nisikufiche, rafiki yangu: mimi ni mtu wa kinyongo. Wengine wakikosewa husamehe wakalala. Mimi hulala na mtu huyo kichwani, na asubuhi naamka naye. Mzee huyu nimeamka naye tangu nina miaka mitano. Sikumfungulia upesi. Nilimwacha asimame juani kidogo, afute jasho, abadilishe mkono wa kushikia kidumu, ndipo nikatafuta ufunguo.

"Salam aleikum, Madamu," akasema. Madamu! Mimi niliyekuwa nachuruzika makamasi mbele yake. Akaeleza shida yake. Mjukuu wake wa kike anafundisha watoto wa maternelle, shule ya wadogo, kule Rumonge, na wazazi wanataka kumwondoa kwa sababu hapigi watoto, ati anakaa nao mkekani kuwauliza habari za roho zao badala ya kuwakaririsha herufi. Kazi yangu ni kuwasaidia walimu wa watoto wadogo. Nazunguka ufuko mzima, kuanzia Kabezi hadi Nyanza-Lac, na mzee alikuwa amesikia kwamba wazazi hunisikiliza.

"Ukisema weye, watamuacha," akasema. "Ile mutoto iko na roho muzuri. Usiache wamuvunje."

Nikamwambia nitafikiri. Nikapokea kidumu, nikafunga mlango.

Harufu ya mawese yale ndiyo iliyonirudisha kwetu. Rumonge yangu ilinuka mawese na ndagala, wale dagaa wadogo, na kinu cha kukamulia mawese cha jirani huyu, kile cha chuma kilichozungushwa na wanaume wanne wakitembea duara, kililia kwii-kwii kutwa nzima. Bibi yangu alianika ndagala mchangani. Mimi nilikuwa na tawi la mchikichi la kufukuzia ndege, na jua likikaza tulizigeuza pamoja, magamba yakitunata viganjani. Mchana tulikula bugali wa muhogo na mboga ya lengalenga, na bibi alikuwa na kawaida ya kunimegea tonge la kwanza kabla hajala yeye.

Niliishi naye kwa sababu mama alikuwa amekufa, ila mimi sikujua. Watu wazima waliniambia mama amesafiri, yuko Uvira, atakuja. Nikawa nang'ata watu. Nilimng'ata mtoto wa muuza sabuni, nikamng'ata binamu yangu, na mara moja nikaing'ata kanzu ya mwalimu wa madrasa, naye yumo ndani. Watu walisema nina shetani. Bibi akachoka, akanipeleka gardienne, maana siku hizo hatukuijua maternelle.

Gardienne yetu ilikuwa ghala la mapipa matupu kando ya kinu. Chumba kilikuwa cha yule jirani, kwa hiyo ndiye aliyekuwa mkubwa wa kamati ya wazazi. Mwalimu, tuliyemwita Madamu, alikuwa mwanamke kijana aliyetoka kwingine na mfuko mmoja. Hakuwa na fimbo. Kila asubuhi alitukalisha mkekani, akamgeukia mmoja mmoja: "Roho iko namna gani leo?" Ukisema iko na hasira, aliuliza hasira iko wapi mwilini, nawe ulionyesha. Mmoja alionyesha magoti, mwingine masikio. Kisha aliuliza hasira hiyo ni juu ya nani, na kama mtu huyo yuko, ulikaa wima, ukamtazama machoni, ukamwambia bila kumgusa.

Zamu yangu ilipofika niliweka mkono tumboni. Akaniuliza ni hasira juu ya nani. Nikasema ni juu ya mama, kwa sababu harudi. Wenzangu wakatazama mkeka, maana wao wote walijua. Madamu akanivuta mapajani pake akasema polepole, "Mama yako alikufa, mwanangu. Hatarudi. Lia." Nililia hadi uji ukapoa. Nikaacha kung'ata watu, na bibi akaenda kila nyumba akitangaza kwamba shetani ameondoka.

Basi ikaja siku ya mukeke, yule samaki wa ziwa letu. Bibi alimpata mukeke mnono, akamchoma kwa makaa pamoja na vitunguu, akaniahidi mkia wote. Jirani yetu alikuwa na desturi ya kupita kutusalimia chungu kikiepuliwa, na siku hiyo hakukosea saa. Akakaribishwa, akanawa, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye mkia wangu. Nilimtazama akiutafuna hadi miiba. Kisha nikafanya kama nilivyofundishwa.

"Mzee, niko na hasira juu yako," nikasema. "Iko hapa kwa tumbo. Ulikula samaki yangu."

Bibi akaganda na tonge mkononi. Kwetu mtoto hamwambii mtu mzima neno hilo. Mzee alianza kwa kucheka, lakini wanawake majirani waliokuwa wakianua ndagala zao walicheka zaidi yake, ndipo uso ukambadilika.

"Nani alikufunza maneno kama haya?"

"Madamu," nikajibu, tena kwa majivuno.

Jumapili iliyofuata kamati ikakaa penye kinu, nasi watoto tukajibanza nyuma ya mapipa. Mzee alisema mwanamke yule anafundisha watoto dharau. Wazazi wakaitikia, kwani chumba kilikuwa chake na mawese ya vyungu vyao yalitoka kwake. Hata bibi alinyamaza, na hilo nalo sikulisahau. Madamu akaambiwa aombe msamaha. Akasimama, akasema neno moja tu: "Mutoto mwenye anasema hasira yake, hana tena lazima ya kuuma mutu." Kesho yake alipita barabarani na mfuko wake kichwani, akielekea kusini. Mimi nikakimbia hadi mlangoni pa kinu, nikamng'ata mzee mkono hadi nikaonja damu iliyochanganyika na mawese.

Aliyemrithi alikuja na fimbo mbili. Herufi tulizijua, nakubali, na kunyamaza tulikujua zaidi. Baadaye tulikimbilia Tanzania, tukarudi, bibi akafa, nami nikasomea kazi ileile ya Madamu. Watu husema ni mapenzi ya watoto. Watoto nawapenda, lakini kilichonipeleka shuleni ni kisasi. Kila mwalimu niliyemfundisha kukaa mkekani, nilimfundisha huku namwona mzee yule akitafuna mkia wa mukeke.

Kwa hiyo utaelewa wazo langu la kwanza lilikuwa nini. Mwache binti afukuzwe. Mjukuu kwa Madamu, hesabu imekwisha. Nilitembea na wazo hilo siku tatu, na lilikuwa tamu kuliko kitu chochote nilichokula mwaka huu.

Siku ya nne nikaenda Rumonge, nikakaa nyuma ya darasa la mjukuu huyo. Kulikuwa na mtoto wa kike aliyekuwa akipiga kichwa ukutani. Wengine wangemvuta mkono. Mwalimu huyu alikwenda kukaa chini karibu naye, akaweka kiganja chake ukutani pale kichwa kilipogonga, akangoja. Mtoto akagonga kiganja mara mbili tatu, polepole zaidi kila mara, kisha akakiegemea. Nilitaka kumchukia binti yule na nikashindwa. Hilo lenyewe liliniudhi.

Nikatoka nikamfuata babu yake. Mchanga wa bibi haupo tena, ziwa limepanda likaumeza, na kinu siku hizi ni cha mota. Nilimkuta mzee amekaa mlangoni. Nikamwambia nitamtetea mjukuu wake, lakini yeye ndiye atakayeanza. Asimame mbele ya wazazi wote, aseme alichomfanyia Madamu wetu.

"Ni zamani sana, mwanangu."

"Kwangu ni jana."

Akatazama mikono yake. Akasema atasimama.

Mkutano ulifanyika darasani, wazazi wamejikunja kwenye viti vya watoto, mjukuu amesimama kando ya ubao. Mzee akainuka kwa shida. Sikumsaidia. "Mimi nilifukuza mwalimu hapa Rumonge," akasema. "Katoto kamoja kaliniambia kako na hasira juu yangu. Watu wakacheka, nikasikia haya. Ile mwalimu haikukosa kitu. Nilikosa mimi." Nami nilikaa pale nikiinywa ile aibu yake yote, hadi tone la mwisho, bila huruma. Kisha nikasema yangu kuhusu mjukuu, wala haikuwa kazi ngumu, maana mzee alikuwa amekwisha kuifanya. Wazazi wakakubali abaki.

Tulipokuwa tunainuka, mama mmoja muuza ndagala akanyoosha mkono. Alikuwa anapangusa macho.

"Murakoze, Mzee, asante. Lakini huyo mwalimu alikuwa anaitwa nani? Tuandike jina yake hapa kwa darasa, watoto walijue."

Mzee akafikiri. "Sisi tulikuwa tunamuita Madamu," akasema. "Madamu tu." Kisha akanigeukia, na wazazi wote wakanigeukia pamoja naye.

Jina la mzee yule nalijua lote, pamoja na la baba yake, na la babu yake aliyejenga kinu. Nimelitamka maisha yangu yote, nikifua, nikipika, nikisikiliza hotuba za watu. La kwake yeye, aliyeniambia nilie, sikuwahi kuliuliza. Bibi pengine alilijua, na bibi hayupo. Nilisimama pale nimefungua mdomo, na mjukuu ameshika chaki ubaoni, akingoja nilitaje.