Mifumo Miwili na Zamu ya Maziwa

Kabla meneja hajarudi na wazo lake kutoka semina, ofisi yetu ya maziwa hapa Korogwe ilikuwa na mifumo miwili ya kompyuta isiyojuana. Mmoja ulikuwa wa uchambuzi: unachora mistari ya kuonyesha nani ameleta maziwa mengi, nani amepungua, kituo gani kimepanda. Mwingine ulikuwa wa kugawa kazi: unamwambia dereva aende wapi, mpokeaji apokee ya nani, daktari wa mifugo aanzie boma gani. Katikati yao nilikuwa mimi. Asubuhi natoka nyumbani Kilole, naweka chai mezani, natazama mistari kwenye mfumo wa kwanza, kisha naandika kazi kwenye wa pili. Hakuna aliyelalamika.

Meneja akasema nimechoka. Sikuwa nimechoka. Akasema mifumo ikiunganishwa itaongea yenyewe, mimi nitabaki kusimamia. Nikamuuliza nitasimamia nini kama yenyewe inaongea. Akacheka, akaniambia, "Dada, utazoea." Neno hilo silipendi. Kila nilipolisikia ofisini, aliyelisema naye alikuwa hajui.

Basi tukaunganisha. Fundi yuko Dar es Salaam kwenye simu, mimi niko Korogwe nabofya. Bofya hapo, ruhusu, ruhusu tena, kubali. Siku ile nilikubali mambo mengi kuliko niliyowahi kumkubalia mume wangu, na mengine sikuyaelewa hata herufi. Tukaweka na kanuni ya meneja mwenyewe, ambayo kwa kweli ilikuwa na maana: mfugaji ambaye maziwa yake yamepanda ghafla asipokelewe mpaka aeleze sababu. Wapo waliowahi kutuletea maziwa ya kuokoteza njiani.

Haukupita muda, mpokeaji wa kituo chetu kimoja huko tambarare za Handeni akanipigia. Kishikwambi chake kilikuwa kinawaka nyekundu kwa mama mmoja wa kifugaji. Madumu yake yamejaa, maziwa yamepimwa na ni safi, lakini mfumo umekataa. Huyo mama nilimfahamu. Alishakuja Korogwe kwenye mkutano wa wanachama, tukakaa benchi moja, tukala pilau pamoja. Nikaomba apewe simu.

"Yeyo, habari za huko?" nikamsalimu kwa neno lao la kumwita mama.

"Nzuri, mama. Huyu mtu wako anasema kompyuta imenikataa."

"Maziwa mengi hivyo umeyatoa wapi?"

"Si yangu peke yangu. Ni zamu yangu."

Nikamwomba aeleze polepole. Wanawake wa maboma yale walikuwa wanacheza mchezo wa kupeana, kama tunavyocheza sisi huku kwa pesa, ila wao walichanga maziwa. Wiki hii ya wote yanaingia kwa jina la huyu, wiki ijayo kwa jina la yule, ili anayepokea aweze kununua kitu cha maana. Nimekaa na mistari ile muda wote huo na sikuwahi kuona, maana mimi nilikuwa natazama jumla ya kituo, na jumla haikubadilika. Yeye alikuwa ameshachagua mabati. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na samadi, inavuja, na mvua zilikuwa zinakaribia. Zamu ikimpita, angesubiri mpaka mzunguko uishe.

"Huyo aliyenikataza yuko wapi?" akauliza. "Nipe niongee naye."

Sikujua nimpe nani. Meneja alikuwa Tanga na simu yake haipatikani. Nikawapigia watu wa mfumo wa uchambuzi, wakasema wao wanaonyesha tu, hawamkatazi mtu. Nikawapigia wa mfumo wa kazi, wakasema wao wanatekeleza tu walichoambiwa. Nikauliza, basi aliyesema ni nani? Kijana wa watu akasema kwa adabu kabisa, "Dada, hicho kiunganishi ni cha kwenu." Nilitamani kumtukana, lakini nitamtukana kwa kosa gani? Jua la Handeni lilikuwa linapanda na maziwa hayajui kusubiri.

Nikarudi kwenye kompyuta. Penye nyekundu palikuwa na sehemu ya kueleza sababu, ila huandiki mwenyewe, unachagua. Kosa la mizani. Malisho bora. Ng'ombe wapya. Mchezo haukuwemo. Kosa la mizani lingemtia mpokeaji matatani, na malisho bora kiangazi kile hata mfumo ungecheka. Nikachagua ng'ombe wapya. Ukauliza wangapi. Nikaandika idadi ya kutosha madumu yale. Kule Handeni kishikwambi kikawaka kijani, maziwa yakapokelewa, nami nikanywa chai yangu iliyopoa nikijiona mtu wa maana.

Meneja aliporudi nilimweleza. Akasema fundi ataongeza sababu nyingine. Nikamuuliza, wale ng'ombe niliowaandika wanatolewaje? Akaitazama kompyuta, akanitazama mimi, akasema ataulizia.

Zamu ya yule mama ikaisha salama, maziwa yake yakaanza kuingia kwa jina la mwenzake. Nikasikia mabati yamefika. Kisha mvua zikaja, na siku moja saa za kazi akanipigia.

"Mama, ofisi yenu imenitumia ujumbe. Binti yangu amenisomea. Mnanipa pole, ng'ombe wangu wamekufa."

"Nani amekwambia?"

"Nyie! Wa kukamua nawaona hapa, wazima. Basi ni wale waliokwenda malishoni na baba watoto kule mtoni, na kule simu haishiki. Wamekufa na nini? Na yeye yuko hai?"

Nikafungua kompyuta. Nilichukua muda kuelewa. Mfumo mmoja ulikuwa umeona maziwa yameshuka, ukakumbuka ng'ombe wapya, ukaamua wamekufa. Ukamwambia mwenzake, na mwenzake akatuma pole. Imeongea yenyewe, kama tulivyoahidiwa.

"Si kweli, yeyo!" nikasema. "Hao waliokufa hawakuwepo! Niliwaandika mimi!"

"Sema kwa nguvu, sikusikii!"

Nikasimama, nikapiga kelele ofisi nzima ikageuka. Hakusikia. Kwenye simu ilikuja sauti ya mvua tu, ikipiga yale mabati mapya juu ya kichwa chake, na katikati ya kelele ile yeye akiniuliza tena na tena, "Wangapi, mama? Niambie tu, wangapi?"