Mkono Kando ya Sahani

Mzee alikula kama mtu anayelinda kitu. Mkono wa kushoto aliuzungushia sahani, akainama, akamaliza kabla wenzake hawajakaa vizuri. Kutoka vitani hakurudi na alama nyingine ya kuonekana. Shambani alilima mpaka jua liwe kali, wajukuu aliwakata kucha kwa wembe bila kumtoa hata mmoja damu, na kila mtoto alimwita "askari wangu", hata wasichana. Nyumbani walimtania kwa ulaji wake, naye akacheka chini chini.

Siku wakwe wa binti yake kitindamimba walipokuja, binti huyo alimwona mama mkwe wake akiutazama ule mkono. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Akamnong'oneza, "Baba, hapa hakuna wa kukunyang'anya."

Mzee aliuondoa taratibu, akauficha chini ya meza kama kitu alichokamatwa nacho. "Kweli, mwanangu." Tangu siku hiyo hakula tena na watu. Alisubiri wote wamalize, ndipo akala peke yake jikoni, mlango ameurudishia.

Miaka ikapita, uzee ukamlaza, na binti huyohuyo ndiye aliyemlisha uji. Asubuhi moja mkono wa kushoto ulijikokota juu ya shuka, ukalizunguka bakuli. Mara mzee akashtuka, akaurudisha upesi chini ya blanketi.

"Samahani, mwanangu. Wageni wameshaondoka?"

"Wameondoka, Baba. Uweke tu mkono."

Alifungua kinywa kusubiri kijiko, lakini mkono haukutoka.